Antena ya skana (diskoni) inaweza kushika TV ya dijitali?

sikio_anga:
Wakuu habari zenu. Nina diskoni iko juu ya paa muda mrefu tu, naitumia kwa skana kusikiliza ndege na redio za meli, boksi lake limeandikwa MHz 25 mpaka 1300. Sasa nimepata king'amuzi cha antena ya kawaida na sina hamu ya kupanda tena juu kufunga antena nyingine, nikawaza TV za dijitali si ziko UHF huko kuanzia 470 mpaka 690 na kitu, yaani ziko ndani kabisa ya hayo masafa, si nichomeke tu huo waya kwenye king'amuzi yaishe? Nimeunga kwa adapta, kimesachi kikapata chaneli za mnara mmoja tu, tena zinaganda, picha inakuwa viboksi viboksi na sauti inakatakata. Antena imekufa au kuna kitu sikijui?

fundi_waya:
Antena nzima mkuu. Hizo namba za kwenye boksi zinakwambia antena inayakubali hayo masafa, hazikwambii inayashika kwa nguvu gani. Diskoni inasikiliza pande zote sawa, ndo utamu wake kwa skana maana ndege hujui itatokea upande gani, lakini mnara wa TV hauhami. Yagi ya TV, ile antena ya miba mingi kwenye bomba moja, inakusanya kutoka upande mmoja, nzuri inaizidi diskoni karibu desibeli 10, hiyo ni kama mara kumi ya nguvu.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawaliangalii, diskoni imesimama wima, na TV sehemu nyingi mawimbi yake yanarushwa yamelala, si unaona miba ya antena za TV ilivyolala. Wimbi lililolala ukilidaka na antena iliyosimama kwa hesabu unaweza kupoteza hata desibeli 20, ingawa kwa vitendo inapungua kidogo kwa sababu mawimbi yanagonga kuta na mapaa yanageukageuka njiani. Chungulia antena za majirani, kama miba yao imesimama basi mnara wenu unarusha wima na diskoni yako ina nafuu.

skana_usiku:
Mi naitumia hivyohivyo na iko poa, ila mnara nauona kwa macho nikiwa dirishani 😂 ukiwa karibu hivyo hata kipande cha waya kinashika. Dijitali haina zile chenga za zamani, signo ikitosha picha safi, ikishuka kidogo tu chini ya hapo huna kitu.

sikio_anga:
Nimetoka nje kuangalia, miba yote imelala 😔 Na ile ishu ya omu je, yaani ukinzani wa waya na antena, skana ni 50, TV ni 75, hiyo si ndo inaua signo? Na nikiweka busta?

fundi_waya:
Omu achana nazo, hasara ya 50 kwenda 75 haifiki hata robo desibeli. Uangalie waya. Kama unashuka na RG-58, ile nyembamba, kwa masafa ya TV kila mita 20 inakula kama desibeli 7, RG-6 hii ya dishi inakula nusu yake tu.

Busta sikushauri. Ukiiweka nyuma ya TV inakuza signo pamoja na uchafu ambao waya umeshaongeza. Ukiipandisha juu kwenye mlingoti, hapo ndo sehemu yake, ila diskoni inaiingizia kila kitu, FM zote za 88 mpaka 108 na minara ya simu, busta inazidiwa na TV inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Bila filta ya kuzuia hayo masafa mengine usijisumbue.

babu_redio:
Kabla ya yote kijana, ingia kwenye menyu ya king'amuzi uzime umeme wa antena. Vingi vinapandisha volti 5 kwenye waya kwa ajili ya busta, diskoni haizihitaji, na siku ukiunga skana na king'amuzi kwenye splita moja, kile kigawanyi cha waya, hizo volti zinaweza kuingia kwenye skana yako.

Ukitaka kuilaza diskoni inawezekana, itashika mawimbi yaliyolala, ila ubavu wake ndo utazame mnara, ukielekeza ile sahani ya juu kwenye mnara hupati kitu. Na ndege ndo utaziharibu sasa, maana redio zao zinarushwa wima.

sikio_anga:
Shikamoo babu, asante. Ndege siachi aisee. Basi natafuta yagi niifunge mlingoti huohuo chini ya diskoni, niache nafasi kiasi gani?

babu_redio:
Marahaba. Mita moja inatosha. Kila antena ishuke na waya wake, habari ya splita sahau, kila tundu linakupunguzia desibeli 3 na nusu na wewe signo yenyewe unaitafuta kwa tochi.