Tupeane uzoefu: Mwanadamu akivunja ahadi, wakati wa Mungu unaungojaje?

Bwana asifiwe, wapendwa. Naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo ambalo sisi waumini wa hapa Kengeleni, Mombasa, hulijibu kwa haraka mno: mtu ameahidiwa na binadamu mwenziwe, ahadi ikavunjwa, kisha akaambiwa angoje wakati wa Mungu. Nianze na yangu.

Mwaka 2016 nilikuwa kibarua katika ofisi moja ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini. Mkubwa wangu aliniahidi mbele ya wenzangu kwamba mkataba wa kudumu ungetoka mwezi wa Juni, nami kwa kuitegemea kauli hiyo nikakopa katika chama na kumlipia mdogo wangu karo. Juni ikapita, Desemba nayo ikapita. Nilipouliza mara ya nne, alinijibu bila kuinua macho kwenye simu yake, "Kwani tuliandikiana?" Nilishuka ngazi nimeshika kikombe changu cha chai, kwa kuwa ndicho kitu pekee mle ofisini kilichokuwa mali yangu.

Nilimnunia Mungu kwa muda mrefu. Kilichonigeuza ni kuisoma upya habari ya Yusufu akiwa gerezani Misri katika Mwanzo 40. Tumezoea kuhubiri kwamba mkuu wa wanyweshaji wa Farao, aliyefungwa pamoja naye, alivunja ahadi, lakini ukisoma kwa makini huoni mahali alipoahidi. Yusufu ndiye aliyeomba akumbukwe mwenzake atakapotoka, na yule mnyweshaji akamsahau, kisha sura ya 41 inaanza kwa kutuambia kwamba miaka 2 mizima ilipita. Nikajiuliza ni lini Mungu aliniahidi ule mkataba. Aliyeahidi ni mkubwa wangu, ila deni nilikuwa nikimdai Mungu. Kulitambua hilo hakukunipa kazi (leo nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na mkopo wa chama niliumaliza baada ya miaka 3), lakini kulinirudisha kwenye maombi. Wenzangu, nyinyi mlivukaje?

Mama wa Miritini:
Asante, dada, kwa kuanza. Mume wangu ni dereva wa lori. Mwaka 2019, kazi ilipopungua kwa sababu makasha mengi yalikuwa yakisafirishwa kwa reli, tajiri wake alimwambia apumzike nyumbani, angeitwa baada ya wiki mbili. Kwa miezi miwili aliendelea kuamka saa kumi alfajiri, akaoga, akavaa, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, simu ikiwa juu ya paja, hadi jua lilipopanda kabisa. Mchungaji alipokuja kututembelea alitusomea Habakuki 2:3, "ijapokawia, ingojee", na nakiri kwamba neno hilo lilinichoma, kwa maana nilimtazama mume wangu nikaona kwamba kinachongojewa katika andiko ni njozi ya Bwana, ilhali sisi tulikuwa tukingoja simu ya tajiri. Nilimwambia hivyo usiku ule. Jumatatu iliyofuata alichukua tuktuk ya watu, na hadi leo hupeleka hesabu kila jioni. Tajiri hajapiga.

Dada wa Mikindani:
Matangazo yetu ya ndoa yalisomwa Jumapili mbili. Kabla ya Jumapili ya tatu mwenzangu alinitumia ujumbe wa mistari miwili kwamba hayuko tayari. Nilikwenda kanisani makusudi, nikasikia majina ya wengine yakisomwa na yetu yakirukwa, na shingo zikageuka. Baada ya ibada kina mama walinifariji kwamba Mungu alikuwa akiniandalia aliye bora zaidi. Imepita miaka 11, na hajaja mtu. Naomba tuwe waangalifu, wapendwa: tukimwekea Mungu maneno kinywani, tunamtungia mwenzetu ahadi ya pili ambayo nayo itavunjika, na safari hiyo atakayelaumiwa ni Mungu mwenyewe. Lililonishika mimi ni Zaburi 13, ambamo Daudi anauliza "hata lini" mara nne ndani ya aya mbili, wala hakemewi.

Mjomba wa Likoni:
Mimi niko upande wa pili wa jambo hili. Nilimwahidi mpwa wangu karo ya chuo, naye akaacha kazi ya hoteli kule Diani kwa kunitegemea, nami nikalipa muhula mmoja tu. Fedha nilikuwa nazo, ila nilizitia katika kiwanja. Siku hizi anaishi kisiwani, na nikimwona kwenye feri husogea upande wa magari. Nimekuwa nikiomba Mungu anifungulie mlango kwa wakati wake ili nimlipe, kumbe Zaburi 15 inasema kwamba atakayekaa katika hema ya Bwana ni yule ambaye ameapa kwa hasara yake na hayabadili maneno yake.

Dada wa Mikindani:
Kaka yangu, kiwanja si kipo? Ni mlango gani mwingine unaoungoja?

Mjomba wa Likoni:
Nimekuelewa, dada. Sitaahidi kitu hapa. Nikishavuka na kuonana naye, nitarudi kuandika.