Mwenye mbwa anayeitwa Hayawahusu: sasa yametuhusu!

Wakuu, naandika saa 7 mchana nikiwa na msuli kiunoni na macho mekundu kama mvuvi aliyekesha akarudi na ndoo tupu. Nimetoka zamu ya usiku saa 12 asubuhi. Tangu nijitupe kitandani, nikijumlisha vipande vyote vya usingizi, labda nimelala saa moja na nusu. Sababu ni mbwa wa jirani. Nipo Tanga mjini, mtaa siutaji, ingawa najua nikishataja jina la mbwa, wenyewe mtakuwa mmejijua.

Mbwa anaitwa Hayawahusu. Sitanii. Mzee alimpa jina hilo baada ya kugombana na watu kuhusu mpaka wa kiwanja, kwa hiyo kila akimwita mbwa anatusema sisi. Saa 8 usiku utasikia bwe bwe bwe, dirisha linafunguliwa kwa kishindo, kisha mtu mzima anapaza sauti: "Hayawahusu! Wewe Hayawahusu! Nyamaza!" Mbwa anaongeza. Mzee anaongeza. Mbwa wa mtaa wa pili wanaitikia, kisha wa mtaa wa tatu. Mwanangu wa miaka 4 siku hizi akishtuka usiku haulizi ni nini, anasema tu, "Baba, hayawahusu," anageukia ukutani.

Kabla hamjanivamia: sina chuki na mbwa, na mjadala wa dini msiniletee hapa. Nimekulia Lushoto kwa babu, mbwa walikuwa watatu. Yule mkubwa akibweka mara mbili usiku, babu alikuwa ameshashika panga, kwa sababu alijua yule habweki bure. Hayawahusu anabwekea jani la mwembe. Mwezi uliopita betri ya bajaji iliibwa hatua kumi kutoka kwenye pua yake. Alibweka usiku kucha kama kawaida, na sisi tukajifunika mito kama kawaida. Huo ndio ulinzi tunaoambiwa tuuheshimu.

Wiki iliyopita nikachukua daftari nikaanza kuandika, maana usingizi wenyewe haupo. Saa 1 kasoro robo asubuhi pikipiki ya mzee inatoka, geti linafungwa, nyumba inabaki tupu. Hapo anaanza, na si kubweka kwa ukali. Ni mlio mwembamba wa juu, mwendo mmoja, dakika 40. Yule anaita watu wake. Saa 4 muuza samaki na kengele ya baiskeli. Saa 9 watoto wa shule wanaburuza fimbo kwenye nondo za geti (hao nao wazazi wao niwafungulie uzi wao). Meli ikipiga honi bandarini anainua pua juu anavuta sauti ndefu, na kwa hilo simlaumu, honi inafanana na mlio wao wa kuitana wakiwa mbalimbali. Jioni kunguru wakirudi mwembeni. Usiku popo, paka, na mimi nikifungua mlango wa choo.

Siku ya tatu nikapanda juu ya simtangi langu nikachungulia uani kwake. Mnyororo unamruhusu hatua mbili kila upande, basi. Pale chini pamekuwa duara tupu, udongo umeshindiliwa mgumu kama sakafu. Kopo la rangi analowekewa maji limepinduka na kubingirika nje ya duara, halifikii. Shingoni manyoya yameisha. Aliponiona akanyamaza, akanitazama, akatikisa mkia. Nikashuka nina hasira mpya, na hizo hazikuwa za mbwa tena.

Nikaenda kwake kwa adabu zote. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, karibu kahawa. Nikaeleza. Akacheka. "Sasa mbwa asipobweka unataka afanye nini, aimbe taarabu?" Nikabaki na kikombe mkononi. Akanikumbusha na ule msemo wa mji wetu, waja leo waondoka leo, yaani kama nataka kimya nirudi milimani. Nina miaka 11 hapa!

Mzee wangu, kama vijana wako wanakusomea huu uzi, sikiliza. Ukimfokea dirishani yeye hasikii "nyamaza". Anasikia mwenye nyumba naye ameingia kazini, mnabweka wawili. Muuza samaki kwa vyovyote alikuwa anapita zake, lakini kwa hesabu ya mbwa ni hivi: nimebweka, kaondoka, nimeshinda. Kwa siku anashinda hivyo mara ngapi? Na ule mfupa unaomrushia ili akuache ulale ndio mshahara wenyewe. Umemwajiri abweke, na unamlipa kwa wakati kuliko sisi tunavyolipwa.

Halafu msiniambie ndivyo alivyozaliwa. Mwezi wa 6 mzee alisafiri siku 9 kwenda Handeni, akabaki yule dada wa kazi. Binti wa watu, bila kufundishwa na mtu, kila alfajiri alimfunga kamba akaenda naye ufukweni maji yakiwa yametoka, nusu saa hivi, mbwa ananusa kila kijiti na kila ganda la kaa. Geti akalitundikia kipande cha turubai, barabara ikawa haionekani. Mchana akampa kongoro la ng'ombe, akawa na shughuli nalo hadi jua linapinda. Siku 9 hizo nililala nikaota ndoto zenye mwanzo na mwisho! Si kwamba hakubweka kabisa. Mgeni akigonga alibweka mara tatu nne, binti akatoka kutazama, akanyamaza. Mzee aliporudi akatoa turubai, eti geti lake limefanana na banda la kuku.

Kwa hiyo dawa anayo ndani ya uzio wake. Kama kumtembeza kunamchosha, aweke nguzo mbili na waya kati yake, mnyororo uteleze, mbwa apate uwanja. Maji yawekwe anapofika. Na akibweka asipewe kitu. Asubiri akate, hata sekunde 3, aseme "kimya" kwa sauti ya kawaida, ampe kichwa cha dagaa. Kesho sekunde 5, keshokutwa 10. Siku za mwanzo atazidisha, na hapo ndipo wengi hushindwa. Ukimrushia mfupa siku ya nne umemfundisha kwamba zamani alikuwa anakata tamaa mapema. Kumpiga hakusaidii, mbwa mwenye hofu hubweka zaidi. Tena amwite daktari wa mifugo, kuna sikio moja analikuna hadi linatoka damu, na maumivu nayo humpigisha mbwa kelele. Daktari akija amchome na chanjo ya kichaa cha mbwa. Nilipouliza cheti nilijibiwa, "Mbwa wangu hatoki." Mnyororo ulipokatika mwezi wa 2 ni nani aliyekuwa juu ya mti wa mpera, si mimi?

Kuna jirani mwingine kaninong'oneza habari za nyama na sumu. Nimemwambia akirudia nitamtaja hadharani. Sumu utamtegea mbwa, ataokota paka, au kunguru atakwenda kuidondosha uani kwa mtu mwenye watoto. Na aliyekosa si mbwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo, na kumfunga mnyama namna ile ndiyo mambo iliyotungiwa. Nilipoitaja kwa mjumbe akaniuliza kama sina shida nyingine maishani. Ninazo, mjumbe. Zote nazifikiria saa 8 usiku.

NYONGEZA, saa 11 jioni: Mliosema nihame, nyumba ni ya kwangu, hameni nyie. Uliyesema nifuge wangu wabishane, umenichekesha, asante. Aliyependekeza pamba masikioni, ninazo, na zikikaa vizuri sisikii simu ya kazini.

Nimenunua dagaa wa shilingi 500, nikapanda tena kwenye simtangi. Akabweka sana. Nikasubiri. Akakata kidogo avute pumzi, nikasema "kimya", nikarusha. Mara ya kwanza hakuelewa, dagaa aliliwa na kunguru. Mara ya sita akakaa chini kabisa, hanitazami usoni, anatazama mkono. Mke wangu kaniuliza kama zamu za usiku zimeanza kunipanda kichwani.

Mzee hajarudi na mimi naingia kazini saa 12. Mnaofuga, nijibuni hili tu: ule waya wa kutelezesha mnyororo, mnatumia waya wa unene gani, na nguzo mnachimbia za mti au za chuma? Nitanunua mwenyewe nimpelekee. Kahawa yake nimeshakunywa, siwezi kwenda mikono mitupu.