Maji ya silva kwa farasi mwenye majipu ya koo

Swali: Wakuu, farasi ana homa ya 39.8, usaha puani, na tezi za chini ya taya zimevimba. Kuna wanaosema anyweshwe maji ya silva (maji yenye chembe ndogo za madini ya fedha), mililita 50 asubuhi na jioni. Yanasaidia?

Jibu: Mkuu, usimnyweshe. Silva huua bakteria inapowagusa moja kwa moja; ikimezwa hunaswa na chumvi na protini za tumboni, haifiki kwenye jipu. Inayopenya hujikusanya mwilini. Kwa binadamu ngozi hugeuka kijivu cha kibuluu, na hairudi.

Jibu: Ila krimu ya silva salfadiazini asilimia 1 kwenye vidonda vya kuungua inafanya kazi. Tusiitupe silva yote.

Jibu: Sawa, lakini hiyo ni ya kupaka. Huyu mtenge kwanza, ndoo yake peke yake. Kanda uvimbe kwa kitambaa cha maji moto mpaka ulainike. Daktari akishapasua jipu, safisha kwa povidoni ayodini (dawa ya kuua vijidudu) iliyozimuliwa hadi rangi ya chai hafifu. Likipasuliwa bichi, usaha hautoki na uvimbe unarudi. Wenzake wapimwe joto kila siku, maana homa hutangulia kuambukiza kwa siku moja au mbili. Akianza kukoroma anapovuta pumzi, daktari aitwe saa hiyo hiyo.