Okonkwo alimuua Ikemefuna kwa woga wa nini hasa?

Mpekuzi wa Kurasa
Wakuu, naomba mawazo yenu. Riwaya ya Things Fall Apart ya Chinua Achebe (1958), sura ya 7: Mzimu, yaani sauti ya miungu ya Umuofia, umeamuru auawe Ikemefuna, mtoto wa kijiji kingine anayelelewa na Okonkwo kama mwanawe. Kila mchambuzi husema Okonkwo alimkata Ikemefuna ili asionekane dhaifu, mjadala umefungwa. Kweli msimulizi anasema hivyo waziwazi. Ila nikiisoma taratibu naona mtu ambaye hakukusudia kuua siku ile. Mnaonaje?

Kalamu Butu
Hakukusudia vipi, mkuu? Mzee Ezeudu alimfuata mpaka kwake akamwambia: mtoto huyu anakuita baba, usitie mkono wako katika kifo chake. Bado akachukua panga akaondoka na wanaume waliompeleka mtoto kuuawa. Rafiki yake Obierika alibaki kwake na hakuna aliyemfanya kitu.

Bi Nukta
Kalamu Butu, hiyo inathibitisha kwamba alikwenda, si kwamba alikwenda kuua. Hebu ifuateni aya yenyewe. Okonkwo amebaki nyuma ya msafara, na tunalijua hilo kupitia mawazo ya mtoto, anayejiuliza kwa nini baba yake yuko nyuma huku mikono ikimtetemeka kwenye chungu cha pombe alichojitwika. Mtu mwingine anainua panga. Okonkwo anageuza uso. Pigo la kwanza analisikia tu. Chungu kinaanguka mchangani, kinavunjika, na mpaka hapo panga la Okonkwo bado limo alani!

Ndipo mtoto anamkimbilia akilia kwamba baba, wameniua. Okonkwo anachomoa panga, hofu imempumbaza. Halafu ndiyo inakuja ile sentensi ya kuogopa kuonekana dhaifu. Kuna hofu mbili hapo, moja nyuma ya nyingine, na sisi hunukuu ya pili tu kwa sababu imekuja na maelezo yake. Ya kwanza, kwa usomaji wangu, ni ya mtu aliyekimbiliwa kama baba mbele ya wanaume wa Umuofia. Ama amkinge, ama amkate. Kugeuza uso hakuwezekani tena.

(Wanaomwita jiwe wasome mwanzo wa sura ya 8. Siku mbili hali chakula, anakunywa tu.)

Kalamu Butu
Sawa, hakula. Lakini Obierika alipomlaumu alijibu kwa kujiamini kabisa: vidole vya mtoto haviungui kwa kiazi kikuu cha moto alichowekewa kiganjani na mama yake. Hayo ni maneno ya mtu aliyeshtuka?

Bi Nukta
Umenisaidia hapo, ndugu yangu. Tazama amejiweka wapi katika methali hiyo: yeye ndiye mtoto. Mtu aliyemdharau Unoka, baba yake mzazi, kwa unyonge, siku ya kujitetea anajifanya mdogo asiye na hiari. Obierika wala haipingi. Anasema ni kweli, ila Mzimu ukiamuru mwanawe auawe, hatabisha wala hatakuwa yeye wa kumuua. Nafasi hiyohiyo Okonkwo alikuwa nayo kule nyuma ya msafara, mpaka mtoto alipomkimbilia.

Mpekuzi wa Kurasa
Basi linganisheni na sura ya 13. Bunduki yake inafyatuka kwenye mazishi ya Ezeudu, yuleyule aliyemwonya, na kumuua mwana wa marehemu. Hakukusudia hata kidogo, na anafungashwa kwenda uhamishoni Mbanta, kijiji cha mama yake, miaka 7. Kwa Ikemefuna ukoo haukumdai chochote.

Kalamu Butu
Hapo kwenye ukoo nakubali. Kwenye panga bado nabisha.