Tupeane uzoefu: ni chapisho gani mtandaoni lililokuletea mgeni hadi akalipa?

Mwanzisha mada, Moshi

Habari zenu ndugu zangu mlio kwenye biashara ya utalii. Masika yameanza, magari mengi yamepaki, na huu ndio wakati ambao wageni wengi wa Juni hadi Oktoba wanaamua waende na kampuni ipi. Naomba kila mmoja aeleze, kwa yale yaliyomtokea mwenyewe, ni chapisho gani lililomfanya mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kuiona ofisi yako, akubali kutuma malipo ya awali. Kupata wafuasi ni jambo moja, na kupata wageni ni jambo jingine kabisa.

Nianze mimi. Sisi tunapandisha wageni Kilimanjaro, hasa kwa njia za Machame na Lemosho. Picha ya mgeni akiwa kileleni Uhuru, mita 5,895, hupendwa sana, lakini kila kampuni ya hapa mjini inayo, hivyo haimpi mtu sababu ya kutuchagua sisi. Kilichotuletea wageni ni video fupi iliyorekodiwa asubuhi kwenye geti la Machame, mizigo ya wapagazi ikipimwa. Mzigo unaning'inizwa kwenye mizani, mkuu wa msafara anasoma kilo kwa sauti, na ule uliozidi kilo 20 zinazoruhusiwa unafunguliwa hapo hapo, mtungi wa gesi unatolewa na kupewa mtu mwingine. Chini ya video tuliandika wapagazi wetu wanakula mara ngapi kwa siku, wanalala wapi na wanalipwa lini. Watu walioandika baada ya hapo hawakuanza na bei, bali waliuliza kuhusu wale vijana, na wengi wao ndio waliolipa.

Video nyingine iliyofanya kazi ni ya mwongoza watalii wetu akieleza, akiwa amesimama kwenye mwamba wa Lava Tower kwenye mita zipatazo 4,600, kwa nini msafara unapanda hadi pale kisha unashuka kulala kambi ya Barranco, yaani ili mwili uzoee hewa nyepesi ya juu taratibu. Tangu tuiweke, wanaotaka safari ya siku chache ili kuokoa fedha wanaomba wenyewe kuongezewa siku.

Mchangiaji, Jambiani

Ahsante kaka wa Moshi kwa mada hii. Huku mashariki ya Unguja maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, bahari inarudi mbali mno, na mgeni aliyeonyeshwa picha za maji yaliyojaa pekee hufika akahisi amedanganywa. Kwa hiyo kila jioni tunaweka Instagram saa za maji za siku inayofuata: yanaanza kujaa lini, ngalawa inaweza kutoka saa ngapi, na ni wakati gani mtu anaweza kutembea kwa miguu hadi kwenye mashamba ya mwani. Wageni waliofikia hoteli nyingine kabisa walianza kutufuata kwa ajili ya saa hizo tu, kisha wakaja kutembea nasi. Wanaopenda mchezo wa kaiti, ule wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na tiara, nao hutaka kujua habari za upepo, na tunawaandikia wazi kwamba waje wakati wa kusi au wa kaskazi, kwa sababu katikati ya misimu hiyo upepo si wa kutegemea.

Naomba pia tuwaheshimu akina mama wa mwani. Sisi hatumrekodi mtu akiwa kazini kabla ya kumwomba ruhusa, na aliyekubali kuwaeleza wageni kazi yake tunamlipa kama tunavyomlipa mtembezaji mwingine yeyote.

Mchangiaji, Mombasa

Wateja wangu ni Wakenya wenyewe, familia zinazotoka Nairobi kwa treni au wanaokwenda Tsavo wikendi ndefu. Kwa hao, Facebook na statasi ya WhatsApp zinatosha. Lililobadilisha biashara yangu ni kuandika bei yote hadharani: usafiri, malazi, kiingilio cha mbuga, na kile ambacho mteja atajilipia mwenyewe. Mtu akiambiwa bei aje aulizie inboksi, anaona kuna jambo linafichwa. Pili, malipo yaende kwenye namba ya M-Pesa yenye jina la kampuni, wala si namba ya mtu binafsi, kwa maana wengi wameshatapeliwa na hilo ndilo wanalolitazama kwanza.

Mchangiaji, Karatu

Mimi ni dereva na mwongoza watalii wa miaka mingi, na sasa naendesha kampuni ndogo na wanangu. Ninalosisitiza ni tarehe. Nyumbu wanazaa maeneo ya Ndutu, kusini mwa Serengeti, kuanzia Januari hadi Machi, na kuvuka mto Mara ni habari ya Julai hadi Oktoba huko Kogatende, kaskazini mwa Serengeti. Ukiweka Februari video ya nyumbu wakivuka bila kusema ilirekodiwa lini, unamwalika mgeni aje kutafuta kitu ambacho hakipo. Sisi kila video ina mwezi na eneo, isipokuwa faru: huyo hatutaji alipoonekana wala siku gani, kwa usalama wake.

Tumewahi pia kuibiwa picha zetu na ukurasa uliokuwa ukipokea fedha za wageni kwa safari ambazo hazikuwapo. Tulichofanya ni kuweka nakala ya leseni yetu ya TALA, yaani ya biashara ya utalii, juu kabisa ya ukurasa, na kumwomba kila mgeni tuongee kwa video kabla hajalipa, akiwaona dereva na gari atakalopanda. Wazee kutoka Ujerumani wameniambia ana kwa ana kwamba mazungumzo yale ndiyo yaliyowaleta.

Mwanzisha mada, Moshi

Mzee wetu wa Karatu, shikamoo. Hilo la kuongea kwa video tutalianza wiki hii. Naomba utuelekeze jambo moja: mgeni wa Marekani anapokuwa macho sisi huku ni usiku wa manane, je, mnapanga zamu za kumjibu, au mnamwekea ratiba ya asubuhi yetu na anakubali kusubiri?