Logos ya Yohana 1:1 ni ya Wagiriki tu?

mwanaUjiji: Wakuu, jumuiya yetu huku Mwandiga tumebishana mpaka taa ya sola ikazima, jamaa anakomaa eti Logos (lile "Neno" la Yohana, kwa Kigiriki) ni falsafa ya Kigiriki, Wayahudi hawakuwa nayo. Kweli?

mzee_Isevya: Muongo huyo. Soma Zaburi 33:6, kwa neno la Bwana mbingu zilifanyika, Kiebrania pale ni davar, na Wayahudi waliotafsiri kwa Kigiriki kabla ya Yesu wakaweka logos hiyohiyo. Davar si maneno matupu, ni jambo lenyewe pia. Halafu Yohana anaanza "Hapo mwanzo", umeshaisikia wapi hiyo? Si Mwanzo 1:1!

dadaKasulu: Shikamoo mzee. Ila Wagiriki nao wamo, Filo wa Aleksandria alikuwa Myahudi mwenye falsafa ya Kigiriki na kaandika sana kuhusu Logos, sema ile Yohana 1:14, Neno kufanyika mwili, huko hakufika kabisa