Mrejesho: bosi wa meseji za usiku

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu bosi anayenitumia kazi WhatsApp saa nne usiku, na mwenzangu ofisini anayenisukumia ripoti zake. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Aliyenielekeza kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya hapa Tanzania, Mungu akubariki. Saa za kawaida mwisho 45 kwa wiki, saa za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Nikamfuata bosi asubuhi kabla simu hazijaanza kuita, nikamwambia kwa heshima: "Bosi, meseji za usiku nitazijibu asubuhi nikifika. Kukiwa na dharura nipigie, halafu tuandike saa za ziada." Akanyamaza, akazungusha kalamu, akasema sawa. Alininunia kidogo, lakini sasa kazi zinakuja mchana, na fomu ya saa za ziada kaisaini.

Mwenzangu ndiye bado mgumu. Juzi kaacha faili mezani kwangu, nikamrudishia palepale, wenzetu wanaona. Ripoti kaiandika mwenyewe. Akirudia, namwandikia afisa utumishi.